EURO STOXX 50 imelala miaka 25, DAX imepanda karibu mara tatu: tofauti inatoka wapi?

Mzani_wa_Hisa ameuliza:

Wakuu, salaam.

Nalinganisha fahirisi mbili za Ulaya na hesabu inakataa. EURO STOXX 50 ilifunga kileleni Machi 2000 ikiwa kwenye pointi 5,464 hivi. Ilikuja kukivuka kiwango hicho Februari 2025, robo karne baadaye. DAX ya Ujerumani Machi hiyohiyo ya 2000 ilifunga ikiwa juu kidogo ya 8,000, na Februari 2025 ilikuwa imeshapita 22,000. Ninapokwama ni hapa: SAP, Siemens, Allianz, Munich Re na Deutsche Telekom zimo kwenye zote mbili. Kampuni zilezile zinapandaje huku na kulala kule?

Swali la pili. Nikitaka kipimo kimoja cha kampuni kubwa za Ulaya nichukue ipi: EURO STOXX 50, STOXX Europe 50, STOXX Europe 600 au FTSE 100? Majina yanafanana hadi yanachosha.

La tatu, kwenye programu ya dalali naona "EU50" na "GER40". Hizo ndizo fahirisi zenyewe au ni kitu kingine?

---

Kigawanyo:

Mkuu, unalinganisha fahirisi iliyohesabu magawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) na nyingine iliyoyaacha nje.

DAX inayotangazwa kwenye habari ni fahirisi ya mapato yote. Kampuni ikitoa gawio, hesabu inachukulia kwamba fedha hiyo imerudishwa kununua hisa, tena gawio zima kabla ya kodi. EURO STOXX 50 inayotangazwa, yenye alama SX5E, ni ya bei tu. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei hushuka, na fahirisi inashuka nayo bila kufidiwa chochote. Ulaya jambo hili ni zito kuliko Marekani, kwa sababu kampuni nyingi za bara hulipa mara moja kwa mwaka, na msimu wenyewe umesongamana Aprili na Mei. Hisa ya €350 inayotoa gawio la €15 inaweza kushuka zaidi ya 4% asubuhi moja bila habari yoyote mbaya.

Sasa piga hesabu. Chukua gawio la 3% kwa mwaka, kiwango cha mfano tu: 1.03 ikizidishwa yenyewe mara 25 inatoa takriban 2.09. Maana yake bei ikirudi palepale ilipoanza baada ya miaka 25, aliyekuwa akirudisha magawio ana zaidi ya mara mbili ya mtaji wake. Pengo lako kubwa limekwisha hapo.

Ukitaka kuhakikisha kwa macho, tafuta chati ya DAX Kursindex. Ni DAX ileile, kampuni zilezile, uzito uleule, ila haina magawio. Zote mbili zilianzia pointi 1,000 mwisho wa 1987, lakini leo Kursindex iko chini kabisa ya ile maarufu. Nafasi yote iliyo katikati ni magawio yaliyolimbikizwa. Au fanya kinyume chake, chukua EURO STOXX 50 yenye magawio. Ziko mbili: SX5T, inayohesabu gawio baada ya kukata kodi ya zuio, na SX5GT, inayohesabu gawio zima. Hizo zilivuka kilele chao cha 2000 miaka mingi kabla ya 2025.

Sehemu inayobaki ni muundo. Mwaka 2000 EURO STOXX 50 ilikuwa imejaa simu na mawasiliano kwa bei za ajabu. Nokia ilikuwa miongoni mwa kampuni zenye thamani kubwa kabisa Ulaya, na France Télécom, Telefónica na Deutsche Telekom nazo zilikuwa juu mno. Baada ya hapo ikaja 2008 kwa mabenki, kisha mgogoro wa madeni wa nchi za euro, ambao uliziumiza benki za Italia na Hispania kuliko viwanda vya Ujerumani. Machi 2009 SX5E ilifunga chini ya 1,810.

Angalizo moja: CAC 40 ya Ufaransa, FTSE 100 ya London, SMI ya Uswisi na IBEX 35 ya Hispania zinazotajwa kwenye habari ni za bei tu. DAX ndiyo isiyofuata wenzake. Chati yoyote inayoiweka DAX kando ya CAC 40 bila kusema hivyo inampotosha msomaji, na ziko nyingi, hata kwenye tovuti zinazoheshimika.

---

Bandari_Salama:

Kwa swali la pili, chukua STOXX Europe 600 umalize. Kampuni 600, nchi 17, kubwa, za kati na ndogo 200 kwa 200 kwa 200. Hizo nyingine ni za kihistoria tu.

---

Shina_na_Tawi:

@Bandari_Salama hapo umeruka mambo. Inategemea anataka kupima nini.

EURO STOXX 50 ni nchi zinazotumia euro pekee. Nestlé, Novartis, Roche, Novo Nordisk, AstraZeneca, Shell na HSBC hazimo kabisa. Anayedhani ameshika "Ulaya" kwa fahirisi hiyo hana Uingereza, hana Uswisi, hana Skandinavia isipokuwa Ufini, na dawa anazo kidogo mno. Alichonacho ni ASML ya Uholanzi, SAP na Siemens za Ujerumani, LVMH, TotalEnergies na Schneider Electric za Ufaransa, pamoja na benki kama Santander. STOXX Europe 50, isiyo na neno "EURO" mbele, ndiyo inayoziingiza za Uingereza, Uswisi na Skandinavia. Herufi nne tu zinakosekana, na vikapu viwili havifanani.

FTSE 100 ni ya London, na "ya London" haimaanishi uchumi wa Uingereza. Airtel Africa imeorodheshwa huko tangu 2019, na biashara yake iko Afrika: Nigeria, Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo. Kampuni kubwa za FTSE 100 hupata sehemu kubwa ya mapato nje ya Uingereza, ndiyo maana pauni ikianguka fahirisi mara nyingi hupanda. Ilionekana Juni 2016. Baada ya kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, FTSE 100 ilishuka siku ya kwanza, lakini kabla ya wiki kwisha ilikuwa juu ya ilikokuwa kabla ya kura, huku pauni ikiwa bado chini. Hata EURO STOXX 50 ina mambo yake: Prosus iliyomo ndani thamani yake kubwa inatokana na hisa za Tencent ya China.

Kwa hiyo: ukitaka kipimo cha soko zima la Ulaya, STOXX Europe 600. Ukitaka kununua au kuuza kwa haraka, EURO STOXX 50, kwa sababu fyucha (mikataba ya kununua au kuuza siku ya mbele kwa bei iliyokubaliwa leo) na mifuko yake ina wanunuzi na wauzaji wengi na tofauti ya bei ya kununua na kuuza ni ndogo. Kutumia 600 kama kipimo halafu mtaji wako uko kwenye EURO STOXX 50 ni kujipima kwa nguo ya mtu mwingine.

Kuna jambo la sarafu pia. STOXX Europe 600 inayotangazwa kwa euro hubadilisha pauni, faranga na krona kuwa euro ndani ya hesabu yenyewe. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliondoa kikomo cha faranga 1.20 kwa euro. SMI ikaanguka zaidi ya 8% siku hiyo. Lakini faranga ilipanda kuliko hisa zilivyoshuka, kwa hiyo aliyekuwa akihesabu kwa euro aliona hisa za Uswisi zimeongezeka thamani. Tukio ni moja na matokeo yanapingana, kutegemea sarafu uliyosimama nayo.

Wewe unayehesabu kwa shilingi una hatua moja zaidi. Fahirisi ikipanda 8% kwa euro na euro ikashuka 5% dhidi ya shilingi, umepata 1.08 × 0.95 = 1.026, yaani 2.6%. Usijumlishe 8 na −5 ukasema 3, zidisha.

---

Kigawanyo:

Niongeze namna namba inavyopatikana, maana maswali mengi ya jukwaa hili yanaisha mtu akishaelewa hapa.

Kila kampuni: bei × idadi ya hisa × sehemu ya hisa zinazouzika sokoni × kipunguzio cha ukomo (kinachozuia kampuni moja kuzidi uzito uliowekwa). Jumlisha zote, gawanya kwa kigawanyo.

Mfano wa kampuni tatu za kubuni. A: €200 × hisa milioni 100 × 60% = €bilioni 12. B: €50 × milioni 400 × 100% = €bilioni 20. C: €80 × milioni 100 × 100% = €bilioni 8. Jumla €bilioni 40. Kigawanyo kikiwa milioni 40, fahirisi ni 1,000, na uzito ni 30%, 50% na 20%. A ikipanda 10% inaongeza bilioni 1.2, B ikishuka 2% inapunguza bilioni 0.4. Jumla inakuwa 40.8, fahirisi 1,020. Umeona: B ilisogea kidogo lakini ilikula theluthi ya faida ya A, kwa sababu ya uzito.

Sasa C inatolewa, inaingia D yenye thamani ya bilioni 10. Jumla inaruka hadi 42.8 bila mwekezaji yeyote kupata faida. Kwa hiyo kigawanyo kinabadilishwa: bilioni 42.8 ÷ 1,020 = 41,960,784. Fahirisi inabaki 1,020 na safari inaendelea. Gawio maalumu nalo hurekebishwa kwa kigawanyo hata kwenye fahirisi ya bei. Gawio la kawaida ndilo linaloachwa.

Ile "sehemu inayouzika" ndiyo watu huisahau. Familia ya Arnault inashika karibu nusu ya hisa za LVMH, na L'Oréal wenyewe wakubwa ni familia ya Bettencourt Meyers na Nestlé, ambao kwa pamoja wana zaidi ya nusu. Hisa hizo hazihesabiwi kwenye uzito. Ukitumia thamani kamili ya kampuni kutoka kwenye tovuti ya bei, uzito wako hautalingana na wa STOXX, wanaozikokotoa fahirisi hizi, hata siku moja. ASML na SAP karibu hisa zote ziko sokoni, kwa hiyo zinaweza kuipita LVMH kwa uzito hata thamani kamili zikikaribiana.

Ukomo: EURO STOXX 50 ni 10% kwa kampuni moja, CAC 40 ni 15%, SMI ni 18%. DAX ilikuwa 10% ikapandishwa hadi 15% Machi 2024, SAP ilipokuwa inagonga dari. FTSE 100 haina ukomo. Ukomo unatekelezwa siku ya mapitio ya robo mwaka tu, kwa hiyo katikati kampuni inaweza kuelea juu ya 10% na si kosa la hesabu. Kwa anayefuatilia soko la Nairobi, fikiria NASI, fahirisi ya hisa zote za soko hilo, jinsi Safaricom peke yake inavyoivuta; ukomo umewekwa kuzuia hali ya namna hiyo.

Kuingia na kutoka: EURO STOXX 50 hupitiwa kila Septemba. Kwanza kila supersekta (kundi kubwa la kampuni za sekta moja) ya nchi za euro inatoa kampuni zake kubwa hadi zikaribie 60% ya mtaji unaouzika wa supersekta hiyo. Orodha inapangwa upya kwa ukubwa. Nafasi ya 1 hadi 40 zinaingia moja kwa moja. Zilizobaki kumi zinachukuliwa kwanza kutoka kwa wanachama wa sasa walio kati ya 41 na 60. Hivyo kampuni ya nje iliyo nafasi ya 45 inaweza kukosa, na mwanachama aliye nafasi ya 55 akabaki. Lengo ni kupunguza kuingia na kutoka kila mara, maana kila badiliko linailazimisha mifuko kuuza na kununua. Katikati ya mwaka mwanachama akikaa nafasi ya 75 au chini yake kwa miezi miwili mfululizo, anatolewa. FTSE 100 hupitiwa kila robo mwaka: ukipanda hadi nafasi ya 90 unaingia, ukishuka hadi 111 unatoka.

Kanuni hizi zina mapengo yake. Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, iliomba ufilisi Juni 2020 na bado ikakaa kwenye DAX hadi Agosti, kwa sababu kanuni za wakati ule hazikulazimisha kuitoa mara moja. Zilibadilishwa. Kisha kampuni mpya zikatakiwa ziwe na faida kabla ya kuingia, na Septemba 2021 DAX ikaongezwa kutoka kampuni 30 hadi 40. Linde, kampuni ya gesi za viwandani iliyokuwa kwenye DAX, ni kisa kingine: haikufilisika wala kushuka. Mwaka 2023 iliondoa hisa zake Frankfurt ikabaki New York, na moja ya sababu ilikuwa huo ukomo wa 10%, uliowalazimisha mameneja wa mifuko kuuza kila ilipokua.

---

Mzani_wa_Hisa:

Nimeelewa sehemu ya magawio. Sasa mfuko wa ETF (unaoiga fahirisi na kuuzwa sokoni kama hisa) nauhukumu kwa SX5E, SX5T au SX5GT? Na lile la EU50 bado.

---

Hatua_kwa_Hatua:

Kwa SX5T. Karatasi ya mfuko yenyewe nayo kwa kawaida inataja "net return". SX5T hukata kodi ya zuio kwa kiwango cha mwekezaji mgeni asiyenufaika na mkataba wa kodi. Gawio la €4 la kampuni ya Ujerumani linakatwa 26.375%, yaani €1.055, na €2.945 ndiyo inarudishwa kwenye hesabu. Mfuko halisi mara nyingine hulipa kodi pungufu ya hiyo, au hukodisha hisa na kupata ada, ndiyo maana mfuko mzuri wa EURO STOXX 50 unaweza kuipita SX5T kidogo hata baada ya gharama zake. Usishangae, na usidhani meneja ana uchawi. Mfuko unaojilinganisha na SX5E lakini unarudisha magawio ndani yake utaonekana bingwa kila mwaka. Upuuze ulinganisho huo.

Unapochagua, fungua karatasi ya mfuko na uangalie jina kamili la fahirisi, kama magawio yanagawiwa au yanalimbikizwa, kama mfuko unashika hisa zenyewe au unatumia mkataba wa kubadilishana mapato na benki, na tofauti halisi kati ya mfuko na fahirisi kwa miaka mitatu hadi mitano. Hiyo ya mwisho inakwambia zaidi kuliko ada iliyoandikwa.

Halafu mahali mfuko uliposajiliwa. Mkazi wa Tanzania au Kenya akinunua FEZ, mfuko wa EURO STOXX 50 uliosajiliwa Marekani, gawio linakatwa Ulaya kwanza, kisha Marekani inakata 30% anapolipwa, kwa kuwa nchi hizi hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Mali iliyoko Marekani ikizidi dola 60,000 kuna na kodi ya mirathi kwa mgeni. Mifuko ya UCITS (inayofuata kanuni za mifuko za Umoja wa Ulaya) iliyosajiliwa Ireland au Luxembourg haina mizigo hiyo miwili ya Marekani. Kabla ya kutuma fedha nje, pitia kanuni za fedha za kigeni za benki kuu ya nchi yako. Za Tanzania na Kenya hazifanani.

Kuhusu EU50 na GER40: hizo ni CFD, mkataba kati yako na dalali. Bei yake dalali huitoa kwenye fyucha za Eurex, soko la fyucha la Ujerumani, na kuirekebisha. Ndiyo maana inasogea usiku wakati masoko ya hisa yamefungwa, na kiwango chake hakilingani na SX5E hadi nukta. Ukishikilia hadi kesho unatozwa riba ya usiku. EU50 inafuata fahirisi ya bei, kwa hiyo siku ya gawio mnunuzi anaongezewa na muuzaji anakatwa. GER40 kwa kawaida haina marekebisho hayo kwa sababu DAX imeshayahesabu. Wengi waliouza EU50 mwezi Mei wakidhani "soko linashuka tu" wamekuta makato hayo yamekula faida yote.

Ukubwa wa loti (kipimo cha mkataba mmoja) usome kwenye maelezo ya dalali, kwani kwa mmoja ni €1 kwa pointi na kwa mwingine €10. Fyucha yenyewe ya EURO STOXX 50 pale Eurex ni €10 kwa pointi: fahirisi ikiwa 5,500, mkataba mmoja ni €55,000. Ya DAX ni €25 kwa pointi, na kwa 22,000 hiyo ni €550,000, ingawa kuna ndogo za €5 na €1.

---

Shina_na_Tawi:

Mawili ambayo huharibu jedwali za watu.

Hisa za London zinaandikwa kwa peni, si pauni. Ukivuta bei ya 2,500 ukaizidisha kama pauni, thamani yako imekua mara mia. Tazama alama: GBX ni peni, GBP ni pauni. Kuna mifuko ya ETF London inayouzwa kwa peni na pacha wake anauzwa kwa euro au dola, kwa hiyo hakikisha na ISIN (namba ya kimataifa ya utambulisho wa hisa au mfuko) pamoja na sarafu ya soko.

La pili ni saa. Frankfurt, Paris na Amsterdam hufungua saa 9:00 na kufunga 17:30 kwa saa za kule. London 8:00 hadi 16:30, ambayo ni muda uleule. Kwetu, wakati wa majira ya baridi ya Ulaya ni saa tano asubuhi hadi saa moja na nusu usiku. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanasogeza saa, na kwetu inakuwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Bei ya kufunga haitoki dakika hiyohiyo; baada ya biashara ya kawaida kuna mnada mfupi wa kufungia, na ndio unaotoa bei rasmi. Ukichukua namba ya saa 17:30 kamili ukaiita ya kufunga, itatofautiana na ya STOXX, hasa ile Ijumaa ya tatu ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, ambapo fyucha zinaisha muda na mifuko inafanya mabadiliko yake kwenye mnada huohuo.